Chuo Kilivyozaa Shule: Habari za Chekechea za Madrasa, tangu Mombasa hata Kampala

Ni ada ya jumuiya, inapofanya kumbukumbu zake, kutaja misikiti iliyojengwa, viwanja vilivyowekwa wakfu na wazee waliotangulia mbele ya haki. Hayo ni mema, na kuyataja ni wajibu. Lakini liko jambo moja lisiloonekana kwa mbali kama mnara wa msikiti, nalo ni malezi ya watoto wa umri wa miaka mitatu hata sita. Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi Waislamu wa Pwani ya Kenya, wa Zanzibar na wa huku kwetu Uganda walivyosimamisha shule za watoto hao, kwa msaada wa shirika lisilotafuta faida, ambalo wengi hulijua kwa jina la Mradi wa Madrasa.

Yafaa kwanza tujue shida iliyouzaa mradi huo. Desturi ya watu wa Pwani tangu zamani ni mtoto kutiwa chuoni kabla ya jambo jingine lolote. Huko hujifunza alifu na be, husoma juzuu, na hutiwa adabu. Shule ya serikali ilikuja baadaye. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, shule za msingi zilipenda kupokea watoto waliokwisha kupitia chekechea, wanaojua kushika kalamu, kuhesabu na kujibu swali la mwalimu. Nazo chekechea zilitaka ada, na nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa. Hivyo mzazi Mwislamu alijiona kati ya mambo mawili: ama amwache mtoto chuoni tu, achelewe shuleni, ama ampeleke chekechea, achelewe katika dini yake.

Sisi wa Uganda hatukuwa wageni wa shaka hiyo. Zama za ukoloni shule zilikuwa chini ya misheni, za Kiprotestanti na za Kikatoliki, na wazazi wengi waliwazuia watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Ndiyo sababu katika miaka ya 1940 kiliundwa chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, ambacho Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu alikuwa nguzo yake. Juhudi hizo zilileta shule za msingi na za sekondari. Mtoto mdogo, hata hivyo, alibakia bila mahali pake.

Mwaka wa 1982 viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walipeleka ombi kwa Mtukufu Karim Aga Khan wa Nne, aliyefariki Februari 2025, wakitaka msaada wa kuinua elimu ya watoto wao. Tukumbuke ya kwamba wengi wa walioomba walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafii, na aliyeombwa alikuwa Imamu wa Waismailia. Mwenye shida alieleza shida yake, na mwenye uwezo akaitika, wala shule zilizotokea hazikufanywa za madhehebu ya mtoaji. Wakfu wa Aga Khan, ulioanzishwa mwaka wa 1967, ulifanya uchunguzi kwanza, kisha kazi akakabidhiwa mwalimu wa Kenya, Bibi Swafiya Said. Mwaka wa 1986 shule ya kwanza ilifunguliwa Mombasa.

Msomaji asidhani ya kwamba miaka minne ile ilipotea bure. Ilibidi wazee na walimu wa vyuo waendewe, waketiwe na wasikilizwe. Kumwambia mwalimu aliyefundisha kwa ubao na juzuu ya kuwa mtoto hujifunza pia kwa mchezo si neno dogo. Jawabu lililopatikana lilikuwa kutovunja chuo, bali kukiongezea. Siku ya mtoto huanza kwa bismillahi na dua. Kaswida na visa vya Mitume vina nafasi yake. Na pamoja na hayo yapo hesabu, lugha, kuchora na kujenga. Waanzilishi waliutazama mtindo wa HighScope wa Michigan, Marekani, ambao humfundisha mtoto kupanga atakalo kufanya, kulifanya, kisha kueleza alilolifanya, wakautengeneza upate kufaa kwetu. Vifaa havikuagizwa ng'ambo. Vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vizibo vya soda na mbegu za miti vilitosha kufundishia hesabu na rangi.

Lakini siri ya kukua kwa mradi ilikuwa katika masharti yake. Mtaa au kijiji kilichotaka shule hakikupewa shule, kilipewa mapatano. Wenyeji walitoa mahali, mara nyingi chuo au chumba kando ya msikiti. Walichagua halmashauri ya kuendesha shule, na wanawake wakawa miongoni mwake. Tena waliwatoa wasichana wao wenyewe wakafunzwe ualimu. Kituo cha Madrasa nacho kiliwafunza wasichana hao na kuizuru shule kwa muda wa kama miaka miwili, hata ikafikia daraja ya kujitegemea, ikatunukiwa cheti. Mabinti wengi waliomaliza masomo bila kazi waliitwa walimu katika mitaa waliyozaliwa. Pengine hiyo ni faida kubwa kuliko majengo.

Mwaka wa 1990 mradi uliingia Zanzibar, na mwaka wa 1993 ukafika Kampala. Hapa kwetu mambo hayakufanana na ya Pwani. Waislamu wa Uganda ni wachache kati ya wengi, wametawanyika, na lugha zao ni mbalimbali. Hapa nyumbani hakuna makombe ya bahari, bali uko mgomba, na maganda yake makavu husukwa yakawa mipira na watoto wa bandia. Milango haikufungwa kwa wasio Waislamu. Mradi ulipotimiza robo karne, shule zilizopita mikononi mwake katika nchi zote tatu zilikuwa zaidi ya 200.

Baada ya neema ulikuja mtihani, nao ulikuwa wa fedha. Ada ya shule ya kijijini haiwezi kuwa kubwa, na ada ikichelewa, mshahara wa mwalimu huchelewa pia. Mwaka wa 1997 serikali ya Uganda ilianza elimu ya msingi kwa wote, na Kenya ikafuata mwaka wa 2003 kwa kufuta ada. Ilikuwa heri kubwa kwa maskini. Lakini mzazi mwenye fedha chache aliona ni afadhali kumpeleka mtoto moja kwa moja shule isiyo na malipo kuliko kulipia chekechea. Tena sheria ya elimu ya Uganda ya mwaka wa 2008 iliitambua elimu ya awali kuwa daraja ya kwanza ya masomo, ila gharama yake ikawaachia wazazi na walezi.

Mradi ulikuwa umekwisha kuitafuta dawa ya maradhi hayo tangu katikati ya miaka ya 1990. Kila jumuiya iliombwa kuchanga mtaji, wafadhili wakaongeza juu yake, mtaji ukawekwa mahali pa kuzaa, nayo mazao yakasaidia shule. Kwa lugha yetu hiyo ni sura ya wakfu: asili haliwi, huliwa tunda. Tunda hilo halikutosha kulipa kila kitu, na halmashauri iliyolala haikuokolewa na mtaji. Lakini penye wazee macho shule ilisimama.

Je, watoto walifaidika? Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka wa 2008, uliwapima watoto wa nchi zote tatu. Waliosoma chekechea yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani, na wa shule za Madrasa walipiga hatua kubwa zaidi kuliko wa chekechea nyingine. Zanzibar nayo, katika sera yake ya elimu ya mwaka wa 2006, iliihesabu elimu ya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya msingi.

Ndugu wasomaji, habari hizi zatufunza ya kwamba mgeni aweza kuleta maarifa na fedha, lakini hawezi kuleta mwenyeji. Shule zilizodumu ni zile ambazo kijiji kiliona ni zake. Basi tunapoweka wakfu ardhi kwa msikiti, tusione vibaya kuweka sehemu kwa ajili ya mshahara wa yule binti anayewafundisha watoto wetu bismillahi na hesabu za kwanza. Akiondoka kwa dhiki, jengo hubaki, na shule huwa imekwisha. Wabillahi tawfiki.