Mavazi na Murua wa Wanaume wa Mwamapalala

Katika zama za mababu zetu, aliyetaka kujua riziki ya mwanamume wa Usukuma ilitoka wapi hakuwa na haja ya kumsaili, kwani jawabu lilikuwa dhahiri mwilini mwake. Mwamapalala, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, ni nchi ya mbuga, mifugo na pamba, na libasi ya wanaume wake imeandamana na njia za kuchuma, hatua kwa hatua.

Kabla bidhaa za pwani hazijaenea bara, vazi lilikuwa ngozi ya mbuzi au ya ndama, iliyokunwa, ikalainishwa kwa samli na kufungwa begani. Karne ya 19 ilipoingia, vijana wa Kisukuma na jirani zao Wanyamwezi walijitwika pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na ujira wao, aghalabu, ulikuwa nguo: shuka ya mikono minne, au doti ya mikono minane, ya kaniki au ya merikani, kitambaa kilichofumwa Massachusetts, ambacho kiliadimika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, kikapata mshindani katika nguo za Bombay. Aliyerejea salama alijifunga lubega, na watu wakajua kwamba ameiona bahari. Miguuni alivaa udodi, nao ulikuwa kazi ya ustadi: uzi mwembamba wa shaba ulizungushwa juu ya unywele wa mkia wa ndovu au wa twiga mpaka ukawa pete nyororo, na pete hizo zikapangwa juu ya kifundo moja baada ya nyingine, zikilia kila mwenyewe akanyagapo.

Zama za Waingereza zilieneza kilimo cha pamba, na pamba ikaleta fedha taslimu. Askari waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 walikwisha kuizoea kaki; wakulima nao, hasa baada ya vyama vyao vya ushirika kuungana mwaka 1955 katika shirikisho kubwa la Kanda ya Ziwa, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake, waliuza mavuno, wakanunua kaptula, shati, kofia na, juu ya yote, baiskeli, ambayo ilihesabiwa kuwa sehemu ya pambo la mwanamume. Fahari hiyo ilitembezwa baada ya mavuno, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, viliposhindana kwa ngoma. Hapo njuga, shanga na manyoya vilichanganyika na miwani ya jua bila mtu kuona ajabu.

Lakini nguo peke yake haikumpa mtu hadhi. Kijana aliyekutana na mzee alisimama, akainama kidogo na kusema “Mwangaluka, baba”. Akaulizwa hali, akajibu “Mhola,” yaani amani. Kisha akaulizwa ni mwana wa nani, akamtaja baba na pengine babu, mpaka nasaba ikajulikana. Aliyeshuka baiskelini ili kuamkia alisifiwa kuliko mwenye baiskeli mpya aliyepita akipiga kengele. Maamkizi hayo huchukua wasaa, na huo wasaa ndio heshima yenyewe, kwa kuwa humlazimisha mwenye haraka kukiri kwamba mbele yake yuko mtu.

Tangu biashara ya nje ilipolegezwa mwaka 1984, mitumba imefika hadi kwenye magulio ya vijijini, na mkulima wa Simiyu, ambaye pamba yake husafirishwa ng'ambo ikiwa ghafi, huvaa shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya. Asimcheke mtu, babu yake pia alivaa kilichofumwa na wengine. Ila merikani ilikuwa ujira wa nguvu zake, ilhali mjukuu anainunua tena pamba ambayo huenda ililimwa shambani mwake, na hiyo ni hesabu ambayo wasomi wetu wa tijara wanapaswa kuifanya, kabla hawajamlaumu kijana kwa kuiga mavazi ya kigeni.