Jina lililogeuka amri: Samba na wiki moja ya Mei 2007

Mei 14, 2027, itatimia miaka 20 tangu timu ya Samba, programu inayowezesha kompyuta za Windows kutumia mafaili na printa za seva ya Unix, itangaze hadharani tundu la usalama la CVE-2007-2447 na kutoa toleo la 3.0.25 la kuliziba. Hakuna atakayekata keki siku hiyo. Lakini wiki ile ilianika hatari ya mazoea yaliyokuwa yameota mizizi: programu inayolinda mafaili ya ofisi nzima kuendesha amri za nje kupitia sheli ya Unix, huku sehemu ya amri ikiwa imeandikwa na mteja asiyejulikana.

Chimbuko la Samba linafahamika. Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, alitaka kompyuta ya DOS isome mafaili yaliyo kwenye mashine ya Unix. Alichunguza data iliyopita kwenye waya, akaandika seva yake, akaitoa Januari 1992. Jina lilikuja baadaye, alipopekua orodha ya maneno akitafuta lenye herufi S, M na B, za itifaki ya SMB ambayo seva yake ilitumia.

Kisichosimuliwa sana ni ukarimu wa Samba kwa wasimamizi wa seva. Kila ofisi ilikuwa na printa zake na taratibu zake za kusajili watumiaji, na timu ndogo ya kujitolea isingeweza kuandika msimbo wa kutosheleza wote. Kwa hiyo faili la mipangilio, smb.conf, liliwekewa milango. Ukiandika preexec, amri yako inaendeshwa mteja anapounganishwa. Ukiandika print command, wewe ndiye unayeamua kazi ya kuchapa ipelekwe vipi. Ipo dfree command, kwa mifumo ambayo Samba hukosea kukadiria nafasi iliyobaki kwenye diski. Na ipo magic script, ambayo mimi huistaajabia: mtumiaji akifunga faili lenye jina lililotajwa, seva inaliendesha.

Kuusoma mwongozo wa mipangilio hiyo ni burudani. Kwenye message command, ya kupokea ujumbe wa Windows, mwandishi anaonya kwamba amri lazima irudi papo hapo, la sivyo kompyuta zinazotuma ujumbe zinaweza kuganda. Zitazinduka baada ya sekunde 30, anatumaini. Kuhusu magic script anasema ni ya majaribio, isitegemewe.

Dalili ya hatari ilionekana Juni 2001, ilipogundulika kuwa mteja angeweza kuipa kompyuta yake jina lenye nukta na mikwaju, na seva iliyotumia jina hilo kutaja faili la kumbukumbu ikajikuta inaandika mahali pasipo pake. Tundu likazibwa, maisha yakaendelea.

Kisha ikaja Mei 2007. Tarehe 7, taarifa ilifika kwenye anwani ya usalama ya Samba kupitia kampuni ya iDefense. Ilihusu chaguo liitwalo username map script. Kazi yake ni ya kawaida kabisa: mtu anayejulikana kwenye Windows kama Fatuma Juma huenda kwenye Unix ni fjuma, basi seva inaita skripti, inaipa jina la kwanza, inapokea la pili. Tatizo ni kwamba jina lilipelekwa kwa sheli, /bin/sh, jinsi lilivyokuja. Mshambuliaji hakuhitaji ustadi mkubwa. Mahali pa jina aliandika amri, akaizungushia alama ile ya mkato ulioinama nyuma ambayo kwa sheli humaanisha "tekeleza kilichomo humu kwanza". Na kwa kuwa jina hutafsiriwa kabla nywila haijakaguliwa, hakuulizwa nywila. Amri yake ilitekelezwa kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo.

Gerald Carter wa timu ya Samba aliijibu taarifa siku hiyohiyo. Siku mbili baadaye mwenzake Jeremy Allison alikuwa na kiraka cha kujaribiwa. Walipochunguza zaidi wakagundua jambo baya zaidi: kosa halikuwa la chaguo moja. Skripti za kusimamia printa na mafaili kutoka mbali nazo zilipokea maneno ghafi, ingawa hizo zilimtaka mtumiaji awe ameingia kwanza. Matoleo yote tangu 3.0.0 yaliguswa. Tiba ilikuwa kutomwamini mtu: kila herufi isiyo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa iwekewe mkwaju wa nyuma, ili sheli iione kama herufi tu.

Taarifa yao ya usalama haikutafuta visingizio. Ilikiri kwamba kiini ni maneno ya mtumiaji kupelekwa kwa sheli bila kuchujwa. Yapo makampuni makubwa yanayolipwa mabilioni ambayo yangehitaji miezi kusema hivyo; hawa walitumia siku saba.

Miaka kumi baadaye, Mei 2017, lilikuja tundu jingine maarufu, CVE-2017-7494, lililomwezesha mshambuliaji kupakia maktaba ya msimbo moja kwa moja bila kupitia sheli. Samba ya 3.0.20 nayo imekuwa zana ya kufundishia: imewekwa makusudi kwenye mfumo wa mazoezi uitwao Metasploitable 2, na wanafunzi wa usalama wa mitandao huivunja kwa dakika chache wakidhani wanachezea kitu cha makumbusho. Si kweli. Vifaa vya kuhifadhi mafaili hukaa miaka mingi kwenye stoo za ofisi bila mtu kugusa programu zake, maana bado vinachapa na bado vinafungua mafaili.

Chaguo la username map script bado limo kwenye mwongozo wa Samba 4. Magic script nayo imo, pamoja na onyo lake kwamba ni ya majaribio.