Zizi, Mahame na Shimo la Mboji

Wazee wetu hawakulitumia neno mboji, lakini kazi yake waliijua. Tembe la Mgogo lilizunguka uwanja wa ng'ombe. Samadi, majivu ya mafiga na makapi ya mtama vilirundikana humo, na jamaa walipohama, mahame yao yakawa shamba jema kuliko yote. Kutupa chakula halikuwa jambo la kusikika. Nchi iliyopitiwa na njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka na mifugo na mvua kukosa, haihitaji kufundishwa thamani ya punje.

Mambo yaligeuka mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa. Lakini zizi na shamba viliachana, na samadi ni mzigo mzito kwa asiye na mkokoteni. Kwa jirani zetu wa Kondoa somo lilikuwa kali zaidi. Mwaka 1979 mradi wa HADO, ulioanza 1973, uliondoa mifugo yote katika eneo lililoharibiwa na mmomonyoko. Majani yakaota tena makorongoni, ila mashamba yakakosa samadi. Mwaka 1989 ng'ombe walianza kurudi, safari hii wa kufungwa zizini na kukatiwa majani.

Sisi wa ushirika tulilikuta tatizo hilo na sura mpya: nyanya na maganda ya ndizi yaoza sokoni mjini, na shamba la mwanachama limechoka. Tukachimba mashimo. Lundo la juu ya ardhi halifai kwetu, kwani mvua ni kama milimita 570 tu kwa mwaka, nalo hukauka kabla ya kuoza. Shimoni twatandika mabua, taka za sokoni, samadi kidogo na udongo, kisha twanyunyizia maji yaliyooshea vyombo. Adui wetu mkubwa alikuwa mfuko wa plastiki, hata ulipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Walikuwapo waliotuita wazoa taka. Mboji ilipoiva, wenye mizabibu waliitaka yote, maana zabibu huleta fedha. Wenye mtama wakajibu kwamba tumbo halingoji soko. Mkutano mkuu uligawa nusu kwa nusu, na kwa kusema kweli hakuna upande ulioridhika. Mwezi wa Novemba, kabla ya mvua za kwanza, mikokoteni ya pande zote mbili hupanga foleni mashimoni tangu alfajiri.