Bibi Yangu Alikuwa Raia wa Wapi?

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mtu wa makongamano. Nimekaa vyumba vingi vya mikutano katika miaka yangu ya kufundisha historia, na mara nyingi nimetoka na begi la kitambaa, kalamu mbili na maumivu ya mgongo. Lakini Julai iliyopita nilialikwa kuzungumza katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha wataalamu wa upimaji ardhi na ramani, uliofanyika katika hoteli ya mapumziko juu ya milima ya Usambara, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Nilitakiwa kueleza historia ya mpaka wa Mto Ruvuma. Mtoto wa Kilambo hawezi kuombwa kuuzungumzia mto huo akakataa.

Kwa asiyeifahamu, Kilambo ni kijiji cha mkoa wa Mtwara, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Ndipo kilipo kivuko cha kwenda Namoto, upande wa Msumbiji. Ardhi ya kwetu haijui kusimama mahali pamoja. Maji yakijaa, mikoko husimama ndani ya bahari. Yakipwa, mchanga hujitokeza mahali ambapo jana mtumbwi ulipita. Sisi hatusemi "Msumbiji" tunapounyoosha mkono kuelekea kusini. Tunasema "ng'ambo," neno lile lile atumialo mtu wa mjini kwa upande wa pili wa barabara.

Kutoka huko hadi Lushoto ni safari ya siku mbili kwa basi: Mtwara hadi Dar es Salaam, kisha Mombo, kisha kilomita 33 za kupanda milima kwa barabara inayojipindapinda hadi masikio yakazibana. Nilifika usiku, baridi imekolea, nikalala na koti. Asubuhi nikafungua dirisha nikaona ukungu na miti ya misonobari, nikacheka peke yangu. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Walikipenda kilima hiki kwa sababu ya hali yake ya hewa. Nami nilikuwa nimesafiri siku mbili ili nikasimame katika bonde la Wilhelm kueleza mpaka ambao serikali ya Wilhelm ilishiriki kuuchora mahali ambapo pengine hakuna waziri wake hata mmoja aliyewahi kulowa miguu.

Nilipewa dakika 20. Nilianza kwa kuondoa dhana moja ambayo hata wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu huing'ang'ania, kwamba mipaka yetu ilichorwa Berlin. Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885, na haukuchora mpaka wa Ruvuma. Mpaka wetu ni matokeo ya mikataba ya watu wawili wawili iliyofuata baadaye, na mikataba hiyo haikusomana. Tarehe 1 Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuutambua mwambao wa Sultani wa Zanzibar, ukanda wa maili 10 kwenda bara, kuanzia ghuba ya Tungi karibu na Rasi Delgado hadi Kipini. Rasi Delgado iko kusini ya mlango wa Ruvuma. Miezi miwili haijatimia, tarehe 30 Desemba 1886, Ujerumani hiyo hiyo ikatia saini na Ureno kwamba mpaka kati yao ni Ruvuma. Kwa hiyo kipande cha pwani kati ya mto na rasi kilikuwa kimeahidiwa mara mbili. Februari 1887 Wareno wakaupiga Tungi kwa mizinga na kuuchukua kutoka kwa Sayyid Barghash, naye akabaki kulalamika kwa wale wale waliotia saini.

Hapa ndipo inapoingia Kionga, na hapa niliomba dakika za ziada.

Kionga ni mji mdogo wa pwani, kusini tu ya mlango wa mto. Mwaka 1894 Wajerumani waliuteka, wakidai kuwa Wareno hawana haki kaskazini ya Rasi Delgado. Ureno haikuwa na nguvu ya kuwaondoa. Suluhu iliyopatikana ilikuwa mstari wa rula: nyuzi 10 na dakika 40 kusini ya ikweta, kutoka baharini hadi unapokutana na mto. Kati ya mstari huo, mto na bahari pakapatikana pembetatu, nayo ndiyo Pembetatu ya Kionga. Niliwaambia wapimaji wale jambo ambalo wengi hawakulijua, kwamba kwa miaka 22, kuanzia 1894 hadi 1916, Ruvuma mbele ya Kilambo haikuwa mpaka wa dola. Kingo zote mbili zilikuwa za Mjerumani. Aliyevuka kwa mtumbwi kwenda kuzika ng'ambo alitoka kwake akaingia kwake.

Kisha ikaja vita. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno Machi 1916, na Aprili Wareno wakaingia Kionga. Mwezi Mei wakajaribu kuvuka mto karibu na mlango wake, wakarudishwa kwa hasara. Septemba wakavuka, wakafika hadi Newala, na kabla ya mwaka kwisha wakafukuzwa. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1917, Lettow-Vorbeck naye akavuka Ruvuma kuelekea kusini, huko Ngomano. Katika kwenda na kurudi huko, waliobeba mizigo na kufa kwa njaa na kuhara ni watu wa kwetu, wa kingo zote mbili.

Kuna jambo dogo hapa ambalo huwa linanikera kuliko mizinga. Mwaka huo huo wa 1916, vita vikiwa vinaendelea, Wareno walichukua stempu za posta za Lourenço Marques wakazigonga juu yake neno KIONGA. Watoza stempu wa Ulaya wakazinunua. Mkutano wa amani wa Paris ulipofika kuikabidhi Kionga kwa Ureno rasmi mwaka 1919, tayari ilikuwa imeshauzwa kwa bahasha. Sijui kama yupo mtu wa Kionga aliyewahi kuibandika stempu hiyo kwenye barua yake mwenyewe.

Hayo niliyasema. Jambo ambalo sikulisema ni kwamba bibi yangu mzaa baba alizaliwa Kionga, mwaka ambao yeye aliuita mwaka wa Wareno kuingia. Nilikuwa nimeliandika katika rasimu ya kwanza. Mmoja wa waandaaji alinishauri kwa adabu niondoe mambo ya familia, kwa kuwa makala ingechapishwa na chama kingependa lugha ya kitaaluma. Nikaondoa. Ninakiri niliondoa kwa urahisi. Mtu akishazoea kutahini kazi za wengine hujifunza kuiogopa nafsi ya kwanza.

Wakati wa maswali akasimama kijana mmoja mpimaji, mwenye sauti ya upole. Akasema, "Mwalimu, shikamoo. Nimefuatilia ramani zako. Naomba kuuliza: mtu aliyezaliwa Kionga wakati huo, akaolewa huku kwetu, akazaa huku, alikuwa raia wa wapi?"

Hakujua kwamba ananiuliza juu ya bibi yangu. Nilimjibu kama mwalimu. Nilisema mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1885, akakaa hapo bila kuhama nyumba hadi mwaka 1976, angekuwa ameishi chini ya bendera nne: ya Sultani, ya Ujerumani, ya Ureno na ya Msumbiji huru. Ukumbi ukacheka, kicheko cha wema, nami nikacheka nao. Mwenyekiti akashukuru, tukaenda kunywa chai.

Chai ile sikuiona ladha yake. Kijana aliuliza juu ya mtu aliyevuka, nami nikajibu juu ya mtu aliyekaa, kwa sababu wa pili ni rahisi na anachekesha. Bibi yangu alivuka akiwa kigori, akaolewa Kilambo, akapata watoto saba, akafariki mwaka 1994. Hakuwahi kuwa na pasipoti. Kila msiba wa ndugu zake alingoja maji, akapanda mtumbwi, akalia arobaini, akarudi. Watu wa serikali ya Kiingereza hawakumuuliza. Katika miaka ya 1930 Uingereza na Ureno zilibadilishana barua kukubaliana kwamba mpaka ufuate mkondo wenye kina kirefu zaidi wa mto, jambo zuri sana kwenye karatasi. Mkondo wenye kina wa Ruvuma huhama baada ya kila masika makubwa, na visiwa vya mchanga huzaliwa na kufa. Bibi aliwaambia wajukuu kwamba shamba lake la mpunga lilivuka mto bila yeye kuvuka.

Mchana kulikuwa na kikao cha kupitisha mapendekezo. Rasimu ilikuwa imeshaandikwa. Pendekezo mojawapo lilisema sehemu zote zisizo rasmi za kuvukia mto zifungwe, na wakazi wa kingo watambuliwe upya "kwa kuzingatia asili zao." Nilielewa woga uliozaa maneno hayo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotoka ng'ambo. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, mji ambao watu wa Kilambo wanauzia samaki na kununulia vitenge. Walinzi wa mpaka waliofiwa na wenzao si watu wa kubezwa. Lakini mwaka huo huo wa 2021 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya waliokimbia Cabo Delgado wakavuka Ruvuma walirudishwa walikotoka. Miongoni mwao wapo waliokuwa wanakwenda kwa shangazi zao. Neno "asili" likiwekwa mbele ya askari aliyechoka, bibi yangu anakuwa mgeni katika kaburi lake.

Nikanyoosha mkono. Nilikumbusha jambo la mwaka 1964. Julai mwaka huo, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha azimio la kuiheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na aliyeliwasilisha ni Mwalimu Nyerere. Mimi ni katika wanaoamini kwamba azimio lile liliokoa damu nyingi, na sitaki mstari wa Ruvuma usogezwe hata shubiri. Lakini miezi miwili baadaye, Septemba 25, FRELIMO wakaanza vita vyao, wakitokea kwetu. Nyerere yule yule aliyesema mstari usiguswe aliuacha mlango wazi. Wakimbizi walipokelewa na kupewa mashamba Rutamba, wapiganaji wakafunzwa Nachingwea, na hakuna aliyeulizwa asili ya bibi yake. Kuuheshimu mpaka na kuwafungia watu wa mpakani hayakuwa jambo moja kwake. Nikaomba maneno "kwa kuzingatia asili zao" yafutwe.

Mjadala ulichukua nusu saa. Mzee mmoja aliyepima mipaka miaka mingi aliniunga mkono kwa sababu yake mwenyewe, kwamba mto ule haupimiki mara moja ukaachwa. Wengine walisema usalama kwanza. Mwishowe wakakubaliana kuyaondoa maneno yale na kuweka "kwa kushirikisha jamii husika." Sehemu ya kufunga vivuko ikabaki kama ilivyokuwa. Nilimtafuta yule kijana nimpe jibu lake, nikaambiwa ameshashuka Mombo kuwahi basi.

Agosti nilikwenda Kilambo. Mzee mmoja, binamu wa marehemu baba, alikuwa ameketi karibu na gati akisubiri kivuko. Mke wake alikuwa amekwenda kuuguza ng'ambo. Nikaamkia, "Shikamoo baba mdogo," nikakaa, nikamweleza habari za Lushoto: baridi, mawaziri wa Ujerumani, mstari wa nyuzi 10 na dakika 40, stempu, mapendekezo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Katika hao wapimaji, wangapi wameshafika hapa?"

Nikasema sikuwauliza.

"Na kivuko walisemaje? Maana maji mafu haya hakiwezi kusogea, tunakaa mpaka jioni."

Nikasema kivuko hakikuwa kwenye mada. Daraja tunalo, nikaongeza, Daraja la Umoja lilizinduliwa Mtambaswala mwaka 2010. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesoma sana. Mtambaswala iko Nanyumbu, mbali huko magharibi. Kutoka Kilambo kwenda kulivuka daraja hilo na kurudi upande wa Namoto ni safari ya kuizunguka nchi ili kufika kwa jirani unayemwona akianika nguo.

Tukakaa. Kuelekea alasiri maji yakaanza kupanda taratibu juu ya mchanga, na watu wakaanza kunyanyua mizigo yao kabla hata kivuko hakijawasha injini.