Kihispania cha Madaktari Wetu Kilienda Wapi?

Wasee wa Mbotela, hebu tukumbushane. Desemba 2016 madaktari wa Kenya waligoma, na mgomo ukakaa siku 100. Mwaka wa 2018 serikali ikaleta madaktari 100 kutoka Kuba. Septemba hiyo, wetu 50 nao wakapanda ndege kwenda huko kusomea udaktari wa familia. Kwanza wakajifunza Kihispania, maana utamtibu aje mtu kama huelewi akikuambia anaumwa wapi?

Watu walibishana sana kuhusu pesa, na haki walikuwa nayo: kuna madaktari wetu walikuwa nyumbani bila kazi. Lakini kile hao 50 walienda kuona hatukukiongelea. Tangu 1984, Kuba huweka daktari na nesi waishi mtaani. Wanajua kila nyumba, wanapiga hodi kabla hujazidiwa.

Oktoba 2023 serikali ikatangaza mkataba umeisha. Siku chache kabla, ilikuwa imezindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, na begi la vifaa kila mmoja, kwa ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi.

Hapa mtaani hao ndio hupiga hodi. Mmoja akampima shosho yangu presha, akaipata iko juu, akamwandikia aende hospitali. Shosho akapanga foleni na kila mtu.

Hodi tumeiga, daktari wa mtaa bado. Wale 50 walisomea hiyo kazi. Si mwakilishi wetu wa wadi aulize wako wapi?