Bonde la Kwihara
Msafiri atokaye Isevya kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, hujikuta katika bonde lililozungukwa na vilima, ambamo matajiri wa Kiarabu na wa Kiswahili, waliokuja kutoka pwani kutafuta pembe za ndovu na, kwa dhuluma isiyosahaulika, watumwa, walijenga matembe yao katika karne ya 19. Humo ndimo alimokaa mpelelezi wa Kizungu Livingstone mwaka 1872, akiwangoja wapagazi aliopelekewa na msafiri mwenzake Stanley, na tembe alilokaa leo ni makumbusho. Lakini mgeni asiridhike na habari hizo pekee: amkumbuke Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wadachi hadi mauti yake mwaka 1893, na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao mabega yao ndiyo yaliyobeba utajiri na sifa za mji huu.