Ua la Uani

Kiswahili chetu kina neno fupi lenye mambo mengi: ua. Kuna ua la bustanini. Kuna ua wa nyumba, kule nyuma tunakofulia na kuanika. Na mtu akipandwa na hasira, linakuwa amri: ua! Nimekuwa nikisoma historia ya ikebana, sanaa ya Wajapani ya kupanga maua, nikaona kwamba yote matatu yamo humo. Wao wenyewe jina hilo wanalitumia kwa maana ya kuyapa maua uhai. Sasa hapo ndipo penye fumbo. Utalipaje ua uhai ilhali umeanza kwa kulikata?

Wengi wetu tukisikia habari ya kupanga maua, tunafikiria ukumbi wa harusi. Hebu ngojeni kwanza. Sanaa hii ililelewa na watawa wa Kibudha, wanaume watupu, katika hekalu la Rokkakudo mjini Kyoto. Makuhani wa ukoo wa Ikenobo walikuwa wakiweka maua madhabahuni kama sadaka. Mwaka 1462 mtawa mmoja aliandika katika shajara yake kwamba kuhani Ikenobo Senkei aliitwa na kigogo mmoja wa kijeshi, akapanga maua na majani kwa makumi katika chombo cha dhahabu, na watu wa mjini wakamiminika kutazama. Mnaona? Tangu kumbukumbu hizo za mwanzo, dhahabu ipo na mkubwa yupo.

Lakini katika ukoo huohuo alitokea mtu wa kuuliza. Mwaka 1542 Ikenobo Senno aliandika mafundisho yake. Alisema kwamba watu wa zamani walifurahia tu uzuri wa ua, ila yeye anatafuta namna mmea unavyoota porini na kando ya maji. Hata tawi kavu alilipa nafasi. Si mchezo huo! Ni sawa na mshairi kuwaambia waliomtangulia kwamba maneno matamu peke yake hayatoshi.

Basi tufike kwa Sen no Rikyu, aliyezaliwa mwaka 1522, mwalimu wa chai. Bwana wake alikuwa Toyotomi Hideyoshi, mtoto wa familia duni ya kijijini aliyepanda kwa vita mpaka akaitawala Japani nzima. Kabwela akishapanda, mara nyingi hupenda kung'aa. Hideyoshi alijitengenezea chumba cha chai cha dhahabu, cha kubomoa na kubeba, na mwaka 1586 akakipeleka kwa mfalme. Rikyu alikwenda upande wa pili. Chumba cha chai kiitwacho Taian, kinachohesabiwa kuwa kazi yake, kina nafasi ya mikeka 2 tu. Mlango wake ni mdogo, unaingia kwa kutambaa, na upanga unauacha nje. Ndani lipo ua, nalo liwekwe kama lilivyokuwa shambani.

Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Hideyoshi alisikia kwamba uani kwa Rikyu maua ya asagao yamechanua ajabu. Asagao ni ua la mmea unaotambaa, hufunguka alfajiri wakati wa kiangazi na kunyauka siku hiyohiyo. Mkubwa akajialika asubuhi. Kufika, ua mzima mtupu! Hata ua moja halikusalia, yote yamekatwa. Akaingia chumbani huku amevimba. Mle gizani, chomboni, palikuwa na asagao moja.

Mimi kisa hiki kimenikaa. Kwanza, Rikyu hakukata bustani ya jirani. Alikata ya kwake, aliyoitunza mwenyewe. Pili, yale yaliyokatwa hayakupotea bure, maana ndiyo yaliyomfanya mgeni alitazame lile moja. Angeliona saa ngapi kama yangekuwa mia?

Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue. Sababu wanahistoria wanabishania. Inayotajwa sana ni sanamu ya Rikyu iliyowekwa juu ya lango la hekalu la Daitokuji, hata wakubwa wakawa wanapita chini ya miguu yake. Mzee alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Akatii.

Baada ya hapo sanaa ilisambaa. Enzi ya Edo, kuanzia 1603 hadi 1868, wafanyabiashara wa mijini nao waliishika, wakapanga kwa matawi 3: mbingu, mtu na ardhi. Enzi ya Meiji ilipoingia, ikafundishwa katika shule za wasichana, na wanawake wakawa wengi kuliko wanaume. Maua ya Ulaya nayo yakafika. Walimu wengi wakayakataa, eti si ya jadi. Ohara Unshin, aliyeishi 1861 hadi 1916, akayapokea. Kwa kuwa hayakuafiki vyombo virefu vya zamani, alichukua sahani pana yenye maji, akayasimamisha humo. Teshigahara Sofu akaenda mbali zaidi. Alianzisha shule ya Sogetsu mwaka 1927, akafundisha kwamba yeyote anaweza kupanga, popote, kwa kitu chochote. Baada ya vita hata vyuma chakavu alivitumia.

Mwanawe, Hiroshi, alikuwa mtengeneza filamu. Mwaka 1980 akairithi shule ya baba yake, na mwaka 1989 akatoa filamu. Mnajua inaitwaje? Rikyu. Miaka karibu 400 imepita, na mpanga maua bado anauliza maswali ya yule mzee.

Na majira je? Hapo ndipo pana utamu. Kuna ua la majini, kakitsubata, linalochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mapema katika majira ya kuchipua, ua hupangwa likiwa chini ya majani, kwa kuwa baridi bado ipo. Kiangazi, hupandishwa juu ya majani. Majani yakianza kupukutika, hurudishwa chini, na majani yaliyonyauka hayaondolewi. Ni ua lilelile, ila habari yake ni nyingine. Mwenye bustani anaiona habari hiyo kila asubuhi. Mnunuzi wa dukani ataijuaje? Mawaridi yanayokatwa Naivasha, Kenya, hupanda ndege mpaka Japani, mwezi wowote yapo. Siyalaumu, ni ugali wa watu. Ila waridi lisilo na mwezi haliwezi kukwambia leo ni lini.

Vijana wenzangu mnaoandika, wengi wetu tuna chumba cha dhahabu kichwani. Tunataka maneno makubwa, mengi, ya dukani. Ua wa nyumba yako una nini mwezi huu? Anza na hicho. Kisha shika mkasi, ukate vya kwako mwenyewe, hata vile unavyovipenda. Itauma. Na mkubwa akija akakuta ua mtupu, anaweza kununa. Je, uko tayari kumfungulia ule mlango mdogo?